Mabua ya bure, fueli ya gharama

Swali: Nimesoma kwamba ethanoli ya kuendeshea magari inaweza kutengenezwa kutokana na mabua, nyasi, makapi ya miwa na maranda ya mbao, yaani vitu ambavyo hakuna mtu anayevila. Kama ndivyo, na kama sehemu kubwa ya malighafi hiyo hutupwa au kuchomwa moto kila baada ya mavuno, kwa nini fueli hiyo haijajaa vituoni? Na je, kikundi cha wakulima chenye mtaji mdogo kinaweza kuanza kuizalisha?

Jibu: Ndugu msomaji, ulichosoma ni kweli, tena si jambo la juzi. Mwaka 1819 mkemia Mfaransa, Henri Braconnot, alionyesha kwamba ubao na vitambaa vya kitani vikitiwa asidi ya salfuriki huachia sukari, na palipo na sukari hamira haishindwi kutengeneza ethanoli. Huko Sarpsborg, nchini Norwe, kiwanda cha Borregaard kimekuwa kikitoa ethanoli kutokana na miti ya jamii ya msonobari tangu mwaka 1938. Kwa hiyo hakuna ubishi kuhusu kuwezekana kwake. Tatizo ni gharama ya kuitoa sukari iliyofungwa ndani ya bua, pamoja na gharama ya kulifikisha bua lenyewe kiwandani, na katika miaka ishirini iliyopita hiyo gharama ya pili imewaangusha watu wengi ambao hesabu zao zote zilikuwa za ile ya kwanza.

Tuanze na bua. Punje ya mahindi imejaa wanga, ilhali bua lake limejengwa kwa selulosi, na vyote viwili ni minyororo ya sukari ile ile iitwayo glukosi. Kinachotofautiana ni namna molekuli moja inavyoshikana na jirani yake. Katika wanga kiungo hicho huufanya mnyororo ujiviringe na kuacha nafasi, ndiyo maana vimeng'enya vilivyomo kwenye mate yetu huanza kuukata tangu mdomoni. Katika selulosi kiungo kimegeuka upande, mnyororo umenyooka, na minyororo iliyonyooka hulala sambamba ikibanana hadi kuwa fuwele ambayo hata maji hupenya kwa shida. Selulosi hiyo, ambayo katika mabaki mengi ya mazao ni kati ya asilimia 35 na 50 ya uzito mkavu, huambatana na hemiselulosi, asilimia 20 hadi 35, iliyo mchanganyiko wa sukari mbalimbali, hasa zailosi yenye kaboni tano badala ya sita. Zote mbili zimezungukwa na lignini, asilimia 10 hadi 25, dutu isiyo na sukari hata chembe, ambayo huupa mmea ugumu wake na kuukinga dhidi ya kuvu na wadudu.

Ng'ombe anayetafuna nyasi hana kimeng'enya chake mwenyewe cha kuvunja selulosi. Huwategemea vijidudu walio katika tumbo lake la kwanza, nao huhitaji siku nzima au zaidi, pamoja na kucheua mara kwa mara, na bado sehemu kubwa ya nyuzi hutoka na kinyesi. Kiwanda kinataka kuifanya kazi hiyo hiyo kwa haraka zaidi na kwa ukamilifu zaidi, tena kwa bei ya kushindana na petroli.

Hatua ya kwanza kiwandani ni kuulegeza ukuta huo, na njia iliyotumika zaidi ni ya kulipua kwa mvuke. Mabua yaliyokatwakatwa huingizwa kwenye chombo kinene cha chuma, hupigwa na mvuke wa nyuzi 180 hadi 210 za Selsiasi kwa dakika chache, chini ya kanieneo inayozidi ile ya hewa ya kawaida mara kumi hadi karibu mara ishirini, kisha vali hufunguliwa ghafla. Maji yaliyo ndani ya nyuzi hugeuka kuwa mvuke papo hapo na kuzichana kutoka ndani. Kinachomwagika ni rojo la kahawia lenye harufu ya siki iliyochanganyika na ya kuungua, na mwenye uzoefu huisoma harufu hiyo kama onyo: asidi ya siki imetoka kwenye hemiselulosi, na pamoja nayo imo furfurali, dutu inayotokea zailosi inapozidishiwa moto. Zote mbili huidumaza hamira. Joto likipungua, ukuta haufunguki. Likizidi, sukari uliyokuwa ukiitafuta imegeuka kuwa sumu ya hamira utakayoitegemea baadaye, na nafasi iliyopo kati ya makosa hayo mawili ni finyu. Wapo wanaotumia asidi iliyozimuliwa, wapo wanaotumia amonia au soda kali, lakini kila kemikali isiyorudishwa kwenye matumizi huishia kuwa maji machafu ambayo mtu lazima alipie kuyasafisha.

Baada ya hapo huja vimeng'enya, ambavyo asili yake ni ya kushangaza kidogo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia jeshi la Marekani lilisumbuliwa na mahema na nguo za pamba zilizokuwa zikioza upesi katika visiwa vya Pasifiki. Kuvu aliyetengwa kutoka kwenye turubai lililooza katika Visiwa vya Solomon, ambaye baadaye aliitwa Trichoderma reesei kwa heshima ya mtafiti Elwyn Reese, ndiye babu wa aina nyingi za kuvu zinazotumika viwandani hadi leo kuzalisha selulasi. Kwa maneno mengine, aliyekuwa mharibifu wa mahema ndiye aliyeajiriwa kuharibu mabua. Selulasi si kimeng'enya kimoja bali ni kundi: kimoja hukata mnyororo katikati, kingine huula kuanzia ncha, na cha tatu hutenganisha glukosi zilizobaki zikiwa mbili mbili. Hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi 50 hivi, ilhali hamira hupendelea nyuzi 30 hadi 35. Ukiviweka pamoja katika tangi moja, kila upande unafanya kazi katika joto lisilo lake, na ukivitenganisha, glukosi inayorundikana huvizuia vimeng'enya visiendelee. Tena kiasi cha vimeng'enya kinachohitajika kwa lita moja ya ethanoli ya mabua ni kikubwa mara nyingi kuliko kile kinachotosha kwa lita moja ya ethanoli ya wanga.

Inabaki zailosi. Hamira ya kawaida ya mikate na pombe hula glukosi na kuiacha zailosi kama ilivyo, na kuiacha ni kupoteza zaidi ya theluthi moja ya sukari yote. Mwaka 1991 kundi la Lonnie Ingram wa Chuo Kikuu cha Florida lilipewa hataza ya Marekani namba 5,000,000 kwa bakteria waliopandikizwa jeni za kugeuza sukari za aina zote mbili kuwa ethanoli, na baadaye hamira zenyewe zilirekebishwa ili ziweze kula zailosi. Kwa hiyo kikwazo hicho kimepungua sana. Ukenekaji, yaani kuchemsha mchachuko na kuupoza mvuke wake ili kutenga ethanoli, ni kazi inayojulikana vizuri, isipokuwa kwamba mchachuko wenye ethanoli chini ya asilimia 4 hivi hula mvuke mwingi kupita kiasi, na rojo la mabua huwa zito mno kukorogwa hata kabla halijafikisha sukari ya kutosha kuvuka kiwango hicho. Ukenekaji wa kawaida hukomea karibu asilimia 96 kwa uzito, na maji yaliyosalia huondolewa kwa vichujio vya molekuli kabla ethanoli haijachanganywa na petroli.

Sasa tufanye hesabu, kwa sababu wauzaji wa mitambo hupenda kutaja mavuno ya kwenye karatasi. Chukua tani moja ya mabua makavu kabisa yenye kilo 380 za selulosi na kilo 250 za hemiselulosi. Selulosi ikivunjwa hujiongezea maji na kuwa kilo 422 za glukosi. Kila kilo 180 za glukosi zinapochachuka hutoa, kwa kiwango cha juu kabisa ambacho kemia inaruhusu, kilo 92 za ethanoli na kilo 88 za hewa ya ukaa, kwa hiyo glukosi yetu inatoa kilo 215 hivi, sawa na lita 273. Hemiselulosi, kwa hesabu kama hiyo, inaweza kuongeza lita 184. Jumla yake ni zaidi kidogo ya lita 450, ambazo hakuna kiwanda kinachozipata. Mtambo unaoendeshwa vizuri hupata lita 200 hadi 300. Kumbuka pia kwamba lita ya ethanoli ina nishati ya megajuli 21 hivi dhidi ya 32 za petroli, hivyo lita 250 za ethanoli zinafanya kazi ya lita 164 za petroli. Lignini haipotei bure, kwa kuwa huchomwa kwenye boila ikatoa mvuke na umeme wa kuendeshea mtambo, na bila hiyo hesabu ya nishati ingekuwa mbaya zaidi.

Nije kwenye sehemu ambayo vitabu vya kemia huipita haraka, nayo ndiyo ninayoiona kuwa kiini cha swali lako. Mita moja ya ujazo ya mabua yasiyofungwa ina uzito wa chini ya kilo 100, na hata yakifungwa marobota kwa mashine ni vigumu kupita kilo 200, kwa hiyo lori hujaa nafasi kabla halijafikia mzigo linaoweza kubeba. Mavuno hutokea kwa wiki chache, ilhali kiwanda kinapaswa kula kila siku ya mwaka, ndipo panapohitajika maghala au viwanja vikubwa vya kupanga marobota. Robota likirundikwa na unyevu huchemka lenyewe kwa ndani, huoza, na wakati mwingine huwaka. Zaidi ya hayo, mabua yaliyokokotwa ardhini hubeba mchanga, na mchanga huo husaga parafujo, visu na vali za mtambo ulioundwa kwa malighafi safi ya maabara. Mabua ya mpunga hayahitaji hata kuokota mchanga, maana yana silika yake ndani, na majivu yake hufika asilimia 15 au zaidi ya uzito mkavu.

Ukitaka kuona uzito wa jambo hili, tazama yaliyotokea Marekani. Sheria ya nishati ya mwaka 2007 ililenga galoni bilioni 16 za fueli ya selulosi kwa mwaka ifikapo 2022, takriban lita bilioni 60. Ethanoli halisi ya mabua haikukaribia hata kidogo, na lengo lilikuwa likipunguzwa karibu kila mwaka, hadi sehemu kubwa ya kilichohesabiwa chini ya lengo hilo ikawa ni gesi inayovunwa kwenye madampo. Kiwanda cha DuPont katika mji wa Nevada, jimbo la Iowa, kilizinduliwa 2015 kikikusudia kukusanya zaidi ya tani 300,000 za mabua ya mahindi kila mwaka kutoka kwa wakulima wapatao 500 walio ndani ya kilomita 50 hivi. Kilisimamishwa 2017. Kile cha Abengoa huko Hugoton, Kansas, kilichozinduliwa 2014, kiliuzwa 2016 kampuni ilipofilisika. Kile cha POET na DSM huko Emmetsburg kilisimamisha ethanoli ya mabua 2019. Ulaya nako, kiwanda cha Crescentino nchini Italia kilichofunguliwa 2013 kilifungwa 2017 na kuchukuliwa na mmiliki mwingine mwaka uliofuata, na kampuni ya Clariant ilitangaza mwishoni mwa 2023 kwamba inakifunga kile cha Podari, Romania, ambacho kilikuwa hakijatimiza hata miaka mitatu tangu ujenzi wake ukamilike. Kila kimoja kilikuwa na sababu zake, zikiwamo za kushuka kwa bei ya mafuta na madeni ya kampuni mama, na si haki kuziweka zote kwenye marobota. Hata hivyo, ugumu wa kuingiza na kuandaa malighafi ulijitokeza tena na tena.

Mahali ambapo mambo yamekuwa na ahueni ni pale ambapo malighafi tayari imekusanywa na biashara nyingine. Nchini Brazili, kampuni ya Raízen ilijenga mtambo wake wa kwanza wa aina hii huko Piracicaba kando ya kiwanda cha sukari, ambako makapi ya miwa yanatoka kwenye vinu yakiwa yameoshwa na kukamuliwa, wala hakuna anayelipwa kuyaokota shambani. Borregaard vivyo hivyo: ethanoli yake ni zao la pembeni la kazi ya kutenga selulosi ya kuuza, na lignini inauzwa kwa bei nzuri badala ya kuchomwa. India imechukua njia ngumu zaidi kwa sababu nyingine kabisa. Mtambo wa Panipat katika jimbo la Haryana, uliozinduliwa Agosti 2022, ulipangiwa kutumia tani 200,000 hivi za mabua ya mpunga kwa mwaka na kutoa lita milioni 30 za ethanoli, na sehemu ya thamani yake ni kupunguza moshi wa mashamba yanayochomwa baada ya mavuno. Gawanya mwenyewe uone: ni lita 150 kwa tani ya mabua kama yanavyofika langoni, yakiwa na unyevu na uchafu wake.

Hapo ndipo neno "bure" linapohitaji kuchunguzwa. Mabua yanayoachwa shambani hulinda udongo dhidi ya mvua na upepo, huurudishia kaboni na potasi, na mara nyingi ndiyo malisho ya mifugo wakati wa ukame au kuni za jikoni. Ukiyaondoa yote, utayalipia baadaye kwa mbolea na kwa mavuno madogo. Kiasi kinachoweza kuondolewa kinategemea mteremko, aina ya udongo na namna ya kulima, lakini mimi huona busara kuacha walau nusu, na kwenye mteremko mkali kuacha yote. Siku mtakapotangaza kwamba mnanunua mabua, bua litapata bei, kama kitu kingine chochote chenye mnunuzi.

Wala kutumia mmea usiolika hakutoshi kuepusha ushindani na chakula. Mbono kaburi (jatropha) ulisifiwa sana katika muongo wa 2000 kwamba mbegu zake zenye sumu haziwezi kuliwa, na kwamba unaota kwenye ardhi duni isiyofaa kwa kilimo. Kuota kweli unaota, lakini ili uzae mafuta ya maana unahitaji maji na rutuba kama mazao mengine, na ukipewa hivyo utakuwa umechukua shamba lililofaa kwa chakula. Mashamba mengi ya mbono yaliachwa.

Zipo pia njia za moto, ambazo nitazitaja kwa ufupi kwa kuwa ziko mbali zaidi na uwezo wa kikundi. Mabaki makavu yakipashwa hadi nyuzi 500 hivi bila hewa na mvuke wake ukapozwa haraka, hupatikana mafuta meusi yenye asidi na maji mengi, yenye nishati ya karibu nusu ya dizeli, ambayo huchachamaa yakikaa na huhitaji kusafishwa kwa hidrojeni kabla ya kuingia kwenye injini. Yakigeuzwa kuwa gesi ya monoksidi ya kaboni na hidrojeni kwa joto kali zaidi, gesi hiyo inaweza kuunganishwa kuwa dizeli kwa njia iliyobuniwa Ujerumani na Franz Fischer na Hans Tropsch katika miaka ya 1920. Faida yake ni kwamba hata lignini hutumika. Hasara ni kwamba gesi lazima isafishwe lami na salfa kabisa, na mtambo mdogo hauwezi kubeba gharama hiyo.

Kuhusu kikundi chenu, jibu langu ni hapana kwa ethanoli ya mabua, na nalitoa bila kusitasita. Chombo cha mvuke wa kanieneo kubwa kilichochomelewa mtaani kinaweza kuua, asidi ya salfuriki ya moto haina msamaha, mvuke wa ethanoli hulipuka, na mwali wake mchana hauonekani vizuri. Isitoshe, karibu kila nchi hudai leseni kwa yeyote anayekeneka pombe, hata kama anasema ni ya injini. Kama mnacho kitu chenye sukari iliyo wazi, mfano molasi au matunda yaliyoharibika, kazi ni nyingine kabisa kwa sababu hakuna ukuta wa kuvunja, na hapo mazungumzo ya leseni na usalama yana maana.

Kwa mabaki yenu kuna njia mbili ambazo mtaji mdogo unaziweza, na kinachoamua ni unyevu. Mabaki mabichi na laini, yakichanganywa na samadi, yanafaa kwa biogesi, ambayo huwa na methani asilimia 50 hadi 65. Mabua peke yake hayafai, kwa kuwa yana kaboni nyingi mno kwa naitrojeni iliyopo, yapata 80 kwa 1, ilhali vijidudu hufanya kazi vizuri kwenye 20 hadi 30 kwa 1, na lignini haimeng'enywi mahali pasipo na hewa. Yakatekateni, yaloweke, myachanganye na samadi kwa kiasi, mkiangalia yasielee juu na kuziba mtambo kwa utando mgumu. Mabaki makavu na magumu, kama maranda na pumba, yanafaa kushindiliwa kuwa matofali ya kuni. Unyevu ushuke chini ya asilimia 15, na mashine iwe na joto na nguvu ya kutosha, kwa sababu lignini ile ile iliyokuwa adui wa ethanoli hulainika ikipata moto na kuwa gundi, hivyo hamhitaji kununua kitu cha kushikizia.

Kabla ya kutumia fedha yoyote, pimeni kwa msimu mzima ni kilo ngapi za mabaki zinapatikana kila mwezi baada ya kutoa sehemu ya udongo na ya mifugo, mkikausha sampuli ili mjue uzito wake halisi, na mwandike mabaki hayo yako umbali gani na nani ana haki nayo kwa sasa. Na mkifika hatua ya kununua mashine, msiilipie mpaka muuzaji aiendeshe mbele yenu kwa siku kadhaa mfululizo akitumia mabaki yenu, pamoja na mchanga wake, wala si gunia safi alilokuja nalo.